Jinsi ya Kuweka Dau kwa Warushaji Chipukizi Katika Fantasi ya Besiboli

Msomaji aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza hana budi kusahau jambo moja kabla ya kuingia katika fantasi ya besiboli ya Marekani inayoendeshwa kwa mnada: hapa mchezaji hana bei iliyopangwa, na akishachukuliwa na mmoja wenu hakuna mwingine anayeweza kuwa naye. Katika mnada wa kawaida kila mshiriki hupewa dola 260 za kununulia wachezaji 23, yaani wapigaji 14 na warushaji 9, na kwa desturi karibu asilimia 70 ya fedha hizo huishia kwa wapigaji. Warushaji wote tisa, basi, hugawana takriban dola 80. Anayetoa dola 15 kwa kijana ambaye bado yuko ligi ndogo, yaani ngazi za chini ya ligi kuu, ametumia karibu moja ya tano ya fungu hilo kwa mtu ambaye siku ya ufunguzi hatamletea hata straikauti moja (mpigaji kutolewa kwa straiki tatu).

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutazama kasi ya mpira wake au nafasi yake katika orodha za vipaji, kadiria iningi, yaani vipindi vya mchezo, atakazorusha katika ligi kuu msimu huu, kwani hizo ndizo unazozilipia. Anza na jumla ya iningi alizorusha mwaka uliotangulia, kwa kuwa klabu nyingi husita kumwongezea kijana mzigo kwa mkupuo. Kisha ondoa zile atakazozimalizia ligi ndogo. Hapo ndipo hesabu za klabu zinapoingia. Mchezaji huhesabiwa mwaka kamili wa utumishi akifikisha siku 172 katika ligi kuu, hivyo klabu inayomchelewesha kwa wiki chache tu yaweza kumshikilia kwa mwaka mmoja zaidi kabla hajawa huru kuhamia kwingine. Mkataba wa mwaka 2022 kati ya wamiliki na wachezaji ulipunguza kishawishi hicho kwa kuwapa mwaka kamili chipukizi wanaoshika nafasi mbili za juu katika kura za mchezaji chipukizi bora, lakini haukukiondoa.

Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates ndiye mfano utakaousikia katika kila mnada. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 2023 klabu zilipogawana vijana wapya, akaanza msimu wa 2024 katika ligi ndogo mjini Indianapolis, akaitwa ligi kuu tarehe 11 Mei, na akamaliza akiwa na iningi 133, straikauti 170 na wastani wa mikimbio 1.96 aliyoruhusu kwa kila iningi tisa. Aliyemnunua mwezi Machi alivumilia nafasi tupu kwa zaidi ya wiki sita na akalipwa vizuri. Katika ligi yenye benchi fupi, uvumilivu huo ungemgharimu warushaji wawili au watatu wa kuzibia pengo. Mchukulie Skenes kuwa dari ya matarajio, wala usimfanye kipimo cha kila kijana mwenye mpira wa maili 98 kwa saa. Andrew Painter wa Philadelphia Phillies alionekana kuwa tayari mwanzoni mwa 2023, akiwa na miaka 19, lakini aliumia kiwiko, akafanyiwa upasuaji, na akakosa misimu yote miwili ya 2023 na 2024.

Ukishapata makadirio ya iningi, pima ubora. Mimi huanza na asilimia ya wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu, nikaondoa asilimia ya wale anaowapa besi ya bure. Tofauti ya 20 au zaidi katika Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, hunishawishi, na iliyo chini ya 12 hunifukuza hata kama wastani wake wa mikimbio unapendeza. Wastani huo wenyewe hudanganya, hasa kwa anayerushia viwanja vya nyanda za juu kama vile Albuquerque na Reno, ambako mpira huruka mbali.

Usidharau madhara pia. Tuseme timu yako imerusha iningi 500 kwa wastani wa 3.60, yaani mikimbio 200. Kijana akikuletea iningi 20 zenye mikimbio 15, wastani wako unapanda hadi 3.72, na katika ligi iliyobanana tofauti hiyo hukushusha nafasi mbili au tatu.

Wakati wa msimu zabuni za wachezaji wasio na mwenyewe huwa za siri, na hapo kuwahi kuna faida kuliko fedha. Ukiona mrushaji wa Triple-A ameondolewa mapema mchezoni bila jeraha, au zamu yake imeangukia siku ile ile ya mrushaji wa ligi kuu aliyeumia, huenda yuko karibu kuitwa ligi kuu: weka dau dogo wiki hiyo. Tangazo likishatoka, dau la asilimia 5 ya bajeti litakuwa limepanda hadi 30. Epuka tarakimu za mviringo: weka 21 badala ya 20, maana washindani wengi huishia kwenye sifuri au tano.

Zipo pia bei nafuu za mara ya pili. Grayson Rodriguez, wakati huo wa Baltimore Orioles, alirudishwa ligi ndogo mwishoni mwa Mei 2023 akiwa na wastani wa 7.35, na wengi wakamwacha. Aliporejea Julai alirusha kwa wastani wa 2.58 hadi mwisho wa msimu. Mrushaji wa aina hiyo, ambaye kasi na straikauti zake hazikupungua alipokuwa akipigwa, anastahili kuwekewa dola moja au mbili wiki moja kabla ya kurudi. Unapomwekea dau, taja kabisa utakayemwacha ili kumpisha, na umtaje mpigaji wa akiba kabla ya mrushaji anayeanza michezo miwili wiki ijayo.