Kabureta moja au mbili kwenye Volvo ya zamani: nilivyofanya hapa Tabora

Wakuu habari. Mzee mmoja wa Cheyo aliniletea Volvo Amazon yake gereji, injini B18, kabureta moja ya Zenith. Kijana wake kamtumia kutoka Dar kabureta mbili za SU za mtumba na manifodi yake (bomba la kugawa hewa na petroli kwenye silinda), mzee kashuka tu kwenye gari ananiambia, "Fundi, nasikia zikiwa mbili gari inapaa. Nifungie." Nikamwambia baba, tuipime injini kwanza, hizi kabureta hazikimbii popote.

Hatua ya 1: Pima injini
Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, akseleta imekanyagwa hadi chini. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Zikipishana sana achana na habari ya kabureta, hela hiyo peleka kwenye ringi na valvu. Pointi (zile za kukata umeme wa plagi), plagi na taimingi viwe sawa kabla hujashika chochote. "Kabureta mbovu" nyingi ninazoletewa ni pointi zimeungua tu.

Hatua ya 2: Gari inafanya kazi gani?
Hapa ndo pa kuamua. Kabureta moja katikati inalisha silinda nne, kwa hiyo ya kwanza na ya nne zinapata chakula baada ya safari ndefu. Zikiwa mbili, kila moja inalisha silinda mbili, njia fupi, injini inapumua vizuri ukiikamua. Volvo wenyewe B18 ilipotoka 1961 waliitoa ya kabureta moja ikiwa na farasi 75 na ya mbili farasi 90. Lakini hizo 15 zinakaa huko juu kwenye resi, ukiwa unatambaa sokoni huzioni. Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari Rally 1970 ilikuwa na kabureta mbili, sawa, ila dereva wa rally hashushi mguu, na huyu mzee wangu safari yake ni msikitini na shamba la Sikonge.

Msimamo wangu: gari ya kazi, moja. Gari ya raha na injini nzima na fundi yuko karibu, mbili. Mzee kasikiliza yote, kacheka, kasema funga.

Hatua ya 3: Hesabu vifaa
Manifodi, gasketi, shafti ya kuunganisha, springi, filta mbili. Kabureta ziwe pacha, sindano za namba ileile. Na filta usizikose, vumbi letu unalijua.

Hatua ya 4: Funga
Hii hauhitaji mimi.

Hatua ya 5: Kusawazisha hewa
Hapa nimelala njaa siku mbili kwa hiyo soma taratibu. Washa injini hadi ipate moto kamili. Legeza klampu za ile shafti inayounganisha ili kila kipepeo (kile kibati cha kufungulia hewa ndani ya kabureta) kijitegemee, na kebo ya choki iwe imelegea kabisa, ikivuta upande mmoja hata kidogo utahangaika mpaka jioni. Toa filta. Chukua kipande cha mpira wa petroli, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza mlio wa hewa, hamia ya pili, sehemu ileile na umbali uleule. Inayolia zaidi punguza skrubu yake, nyingine ongeza, mpaka zilingane na injini iko kama mizunguko 800 kwa dakika. Kuna vipimo vya hewa vya kununua, ninacho kimoja, kimekaa tu kwenye droo, sikio linanitosha. Pikipiki ikipita subiri ipite. Halafu kaza klampu, hakikisha vipepeo vinaondoka pamoja.

Sasa mimi nilisawazisha, mlio ukalingana safi, nikipiga resi nikiachia, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta) inapanda, mara inashuka, mara gari inazima. Nikabadilisha sindano za floti, nikafungua jeti (katundu ka kupitishia petroli), nikasawazisha tena kama mara sita hivi, nikaanza kumlaumu kijana wa watu kwamba kauziwa makopo. Siku ya pili jioni nikashika shafti ya kipepeo kwa vidole nikaitikisa juu chini. Inacheza! Imelika, hewa inaingia pembeni, kila ikirudi inakaa pengine. Ukipulizia kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo pale inapotokea shafti na injini ikabadilika sauti, jibu umepata. Ila kidogo tu ndugu yangu, egzosi iko chini hapohapo na inawaka moto, weka ndoo ya mchanga karibu. Kwa hiyo tikisa shafti za vipepeo kabureta ZIKIWA MEZANI, kabla ya hatua ya 4, usifanye kama mimi.

Fundi wa mashine akanichongea bushi za shaba. Ukirudisha vipepeo, zile skrubu mbili ndogo ncha zake zimepasuliwa, zitanue baada ya kukaza. Ikichomoka moja inaenda moja kwa moja ndani ya silinda.

Hatua ya 6: Mchanganyiko
Jeti ianze sawa na daraja (ile sakafu ya njia ya hewa ndani ya kabureta), halafu shusha pande 12 za nati, yaani mizunguko miwili. Oili nyepesi kule juu kwenye dashipoti (kikopo cha oili kinachotuliza pistoni ya kabureta). Nyanyua pistoni ya kabureta kama milimita moja: resi ikipanda na kubaki juu, petroli nyingi; injini ikitaka kuzima, petroli kidogo; ikipanda kidogo ikarudi, acha. Fanya zote mbili. Ukiseti hapa, mita kama 1,200 juu, halafu ukashuka Kigoma ziwani, hewa ni nzito zaidi, kwa hiyo petroli itakuwa pungufu kiasi. Angalia plagi ukifika.

Tukaijaribu njia ya Urambo, mzee mwenyewe kashika usukani, hakusema neno mpaka tuliporudi. "Inaenda," basi. Zenith yake nimeisafisha, nimeifunga kwenye nailoni na manifodi yake na gasketi mpya, nimemwekea kwenye buti. Akikwama Nzega huko nisipokuwepo, fundi yeyote atairudisha.