Somo: kupima damu ya mtaa kujua nani alishakutana na brusela

Hapa hatutafuti wagonjwa. Tunatafuta watu ambao miili yao ilishapambana na brusela, bakteria wa ng'ombe na mbuzi anayeingia kwa maziwa mabichi, au kwa mikono ya wanaozalisha na kuchinja mifugo. Goma inakunywa maziwa ya Masisi, eneo jirani la wafugaji, kila asubuhi, kwa hiyo swali linatuhusu.

Kwanza, kura ya bahati nasibu. Ukipima wanaopita mlangoni pa machinjio, umepima machinjio, hukupima Goma. Orodhesha nyumba zote pamoja na nyumbakumi, kisha chagua za kupima kwa bahati nasibu. Kama hujui ni watu wangapi kwa mia walishakutana na brusela, na unataka kosa lisizidi asilimia 5, anza na watu 384. Ukichukua kadhaa nyumba moja, ongeza, maana wanakunywa kidumu kimoja.

Pili, maswali, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiuliza "unakunywa maziwa mabichi?", wote watajibu hapana. Uliza ya jana yalitoka wapi, yalichemka mpaka yakafura? Mama mmoja aliniapia kwamba anachemsha. Mtoto wake akacheka: "Ya chai tu. Ya mgando hapana."

Tatu, vuta mililita 5 kwenye tubu kavu, iache nusu saa igande, zungusha kwa mashine, toa seramu, yaani maji ya juu ya damu iliyoganda. Usiweke damu nzima kwenye barafu: chembe za damu zitapasuka, seramu iwe nyekundu, kazi bure.

Nne, Rose Bengal, kipimo cha haraka cha brusela. Acha dawa yake ya kupimia na seramu vipate joto la chumba. Tone kwa tone, mikrolita 30 kila moja, koroga, tikisa dakika 4, soma papo hapo. Vikitokea vijichembe kama maziwa yaliyokatika, ni chanya. Ukichelewa, tone hukauka na kukudanganya. Chanya zote zipitie ELISA, kipimo cha maabara cha kuthibitisha.

Maswali

*Nimekuwa chanya, sina homa. Ninywe dawa?*
Kwa kipimo hicho peke yake, hapana. Kingamwili za IgG, alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na kijidudu, hubaki miezi, hata miaka. Homa za kwenda na kurudi, jasho la usiku au viungo kuuma, hapo mwone daktari.

*Kuna bakteria mwingine anayeleta chanya ya uongo?*
Yupo: Yersinia enterocolitica O:9, ukuta wake unafanana na wa brusela.

*Watu wa avenue yetu wanasema tunauza damu yao. Tufanyeje?*
Nenda na kijiko cha chai. Mimina maji ndani ya tubu mbele yao, wajionee: kijiko kimoja tu. Na majibu yarudi nyumba kwa nyumba, hata ya wasio na kitu.