Kikaango cha chuma kizito: kukichagua, kukikomaza na kukitunza

Wapendwa, hili ni somo la vikaango vyeusi vya chuma cha kumimina, ambavyo wengi huvipita kwa wauza vyombo vya mtumba kwa sababu vina kutu. Msivipite.

1. Kuchagua. Nenda na sumaku. Alumini haishiki, chuma hushika. Kikaango cha upana wa sentimita 26 huwa na kilo mbili au zaidi. Kikiwa chepesi mkononi, ni bati tu. Kishike mpini, kigonge na kijiko. Mlio ukienda mbali, ni kizima. Ukifa hapohapo, huenda kina ufa. Kutu hutoka kwa stilwaya, ufa hauna dawa.

2. Kuosha. Maji ya moto na sabuni, kisha kikaushe juu ya moto.

3. Mafuta. Kukomaza ndiko huku, kupaka mafuta na kuyachoma yawe utando. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Kikiwa bado na joto, paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti ndani, nje, hadi mpini. Halafu chukua kitambaa kikavu ufute yote, mpaka uone hakuna kilichobaki. Utando usioonekana ndio unaotakiwa: ukipata moto mkali hugeuka ganda gumu linaloshikana na chuma. Mafuta yakizidi, kikaango kitanata kama ulimbo, na itabidi usugue uanze upya.

4. Moto. Kwenye mkaa, subiri makaa yashike, kiweke, ukizungushe ili kipate joto pande zote. Kitatoa moshi, basi pikia nje au fungua madirisha. Moshi ukikoma, kiepue kipoe chenyewe. Rudia mafuta na moto mara tatu au nne. Mwenye oveni akiweke kifudifudi kwa nyuzi 230, saa moja.

5. Mapishi ya mwanzo. Chapati, ndizi mzuzu za kukaanga, vitumbua hapana kwa sababu hivyo vina chombo chake. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri, maana uchachu hula utando ambao haujakomaa.

Maswali ya wanachama, kwa mtaa na mji

*Sakina, Arusha:* Dada, mayai yananiganda kila siku.
Unaweka yai mapema, mpenzi. Chuma hiki huchelewa kupata moto. Kipashe dakika tano kwa moto mdogo, weka mafuta, ndipo yai lifuate.

*Pasua, Moshi:* Shikamoo mama. Masika hii kimeota kutu kikiwa kabatini.
Marahaba mwanangu. Ulikihifadhi na unyevu. Baada ya kuosha kirudishe motoni mpaka kikauke, paka mafuta kidogo sana, na usikifunike.

*Njiro, Arusha:* Ni kweli kinaongeza madini ya chuma kwenye chakula?
Kweli, hasa kwenye mchuzi wenye uchachu. Lakini mwenye upungufu wa damu aende hospitali.

*Majengo, Moshi:* Naweza kukimwagia maji ya baridi kikitoka motoni?
Usithubutu, kinaweza kupasuka. Subiri kipoe.