Somo: Chora ugwe mgongo na damu yake kwa penseli tatu

Ndugu zangu wa mwaka wa pili, pamoja na wauguzi mlioomba somo hili: tafuteni karatasi na penseli tatu, nyeusi, nyekundu na bluu. Wanafunzi wengi wanaikariri mada hii kama orodha ya majina, na mtihani ukiisha majina yote yanapotea. Ukiichora kwa mkono wako, siku utakapopokea kijana aliyeanguka kutoka juu ya mbuyu akichuma ubuyu kule Chamwino, utajua kilichoumia kwa kumpima tu, hata kama mashine ya picha ya MRI iko mbali.

Hatua ya 1: urefu (nyeusi). Chora mstari wa wima. Ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, unaanzia kwenye tundu kubwa chini ya fuvu, na kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno (L1–L2). Kwa mwanamume ni kama sentimita 45, kwa mwanamke pungufu kidogo. Unenepeshe mahali pawili: shingoni zinakotoka neva za mikono, na chini zinakotoka za miguu. Jozi za neva ni 31: shingo 8, kifua 12, kiuno 5, nyonga 5, kitokono 1. Chini ya L2 chora nyuzi zinazoning'inia. Huo ndio mkia wa farasi.

Hatua ya 2: ukate kwa upana. Chora duara, ndani yake herufi H. Hiyo H ni sehemu ya kijivu: pembe za mbele zinaamrisha misuli, za nyuma zinapokea hisia. Kwenye sehemu nyeupe weka njia tatu tu kwa leo. Nyuma kabisa ni nguzo za nyuma, zinazobeba mtetemo na kukujulisha mguu wako uko wapi hata ukifumba macho. Pembeni inashuka njia ya amri kutoka ubongoni. Mbele kidogo ya hiyo inapanda njia ya maumivu na joto.

Hatua ya 3: nyekundu. Hapa tulieni. Weka nukta moja mbele, kwenye mpasuo wa katikati, na nukta mbili nyuma. Ile ya mbele ni ateri (mshipa unaoleta damu) moja iliyotokana na matawi mawili ya ateri za shingoni zinazopanda kwenda ubongoni. Peke yake inalisha theluthi mbili za mbele za ugwe. Zile mbili za nyuma zinagawana theluthi iliyobaki. Sasa paka rangi nyepesi eneo la ateri ya mbele, uone limefunika nini: pembe za mbele, njia ya amri, njia ya maumivu na joto. Nguzo za nyuma zimebaki nje.

Hatua ya 4: matawi ya kuongeza nguvu. Damu inayotoka juu haitoshi kufika hadi chini. Aota, mshipa mkuu wa damu kutoka moyoni, inatoa matawi njiani, lakini machache tu ndiyo makubwa. Kubwa kuliko yote ni ateri ya Adamkiewicz, aliyeieleza mwaka 1882. Mara nyingi iko upande wa kushoto, kati ya T9 na T12 (T ni pingili za kifua). Katikati ya kifua, takribani T4 hadi T8, ni kama nyumba zilizo mwisho wa bomba: presha ikishuka, hizo ndizo zinazokauka kwanza.

Hatua ya 5: bluu. Vena, mishipa inayorudisha damu, zimezunguka ugwe na kumwaga damu kwenye mtandao ulio nje ya utando mgumu. Mtandao huo hauna vali, kwa hiyo damu inaweza kurudi nyuma. Ni njia mojawapo ya saratani ya tezi dume kufika kwenye pingili.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanafunzi, Dodoma mjini:* Mwalimu, mgonjwa hasogezi miguu, hasikii sindano, lakini uma wa mtetemo (chuma cha kupimia hisia) kwenye kifundo anausikia vizuri. Anaigiza?

Haigizi hata kidogo, na tafadhali msimwandike hivyo kwenye faili. Rudi kwenye hatua ya 3. Ateri ya mbele imeziba au imekosa damu, nguzo za nyuma zimesalimika. Uliza kuhusu maumivu makali ya ghafla ya mgongo au kifua, maana aota inaweza kuwa imechanika. Angalia pia kibofu, huenda kimejaa bila yeye kujua.

*Muuguzi, Mpwapwa:* Shikamoo mwalimu. Akina mama wanakataa sindano ya ganzi ya mgongo wakati wa upasuaji, wanaogopa kupooza.

Marahaba. Mwonyeshe mahali penyewe. Weka viganja juu ya mifupa ya nyonga zake, vidole gumba vikutane mgongoni: hapo ni karibu na L4. Sindano inaingia L3–L4 au L4–L5, chini ya mwisho wa ugwe. Nyuzi za mkia wa farasi zinaelea kwenye maji na kwa kawaida husogea. Kupooza ni nadra sana. Mwambie ukweli kwamba kichwa kinaweza kumuuma siku chache. Mtoto mchanga ni tofauti, ugwe wake unafika L3, kwa hiyo kwake usipande juu.

*Tabibu, Kongwa:* Aliyeanguka mtini ana presha 80/50, mapigo 52, miguu ya moto. Nimpe dripu tu?

Kwanza tafuta damu inayovuja tumboni, kifuani na kwenye nyonga, hata kama mapigo ni ya polepole. Ukishahakikisha hakuna inayovuja, mapigo ya polepole na ngozi ya moto vinaonyesha ugwe umeumia juu, kwenye T6 au zaidi, na mishipa imelegea. Mpe oksijeni na dripu kwa kiasi. Presha ikikataa kupanda anahitaji dawa ya kuipandisha, kwa hiyo piga simu ya rufaa mapema. Mgeuzeni watu wanne, mmoja akishika kichwa, mwili wote kwa pamoja. Na presha ipimwe njia nzima hadi Dodoma, kwa sababu kila inaposhuka ile sehemu ya T4 hadi T8 inakosa damu tena.