Ipe habari kabla ya kuiomba maneno: namna ya kutumia chatiboti

Katika kibanda changu cha kuchapa barua na kupiga fotokopi, hapa komuni ya Kenya mjini Lubumbashi, nchini Kongo, kazi yangu ni kuwaandikia watu ombi la kazi, tangazo la kiwanja, barua kwa mwenye nyumba au barua kwa mkuu wa shule. Siku hizi wateja wengi huja na simu mkononi, barua ikiwa imekwisha kuandikwa na chatiboti, yaani programu inayomjibu mtu kwa maandishi kama katika mazungumzo, nao huhitaji kuichapa tu. Baadhi ya barua hizo ni nzuri sana. Nyingine zina Kifaransa safi lakini hazisemi lolote, au zinasema jambo ambalo mwenye barua hakulisema kamwe. Baada ya kuzisoma nyingi nimeona kwamba tofauti haitokani na simu wala na programu aliyoitumia mtu, kwa sababu wawili huweza kutumia programu ileile na kupata barua zisizofanana hata kidogo. Tofauti inatokana na kile ambacho mtu aliiambia chatiboti kabla ya kuiomba iandike.

Mama mmoja wa Katuba alikuja na barua ya kumwomba prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, amruhusu alipe minervali, yaani ada ya shule, ya mwanawe kidogo kidogo. Alikuwa ameandika kwenye simu: «Niandikie barua ya kuomba kulipa shule polepole.» Chatiboti ilimpa ukurasa mzima uliojaa maneno ya unyenyekevu, wenye nafasi tupu za majina, na katikati yake sentensi iliyosema kwamba baba wa mtoto amepoteza kazi. Nilipomsomea hapo, alishtuka. «Yaya, nani alisema hivyo? Baba yake anafanya kazi mpaka leo. Ni mshahara tu ndio umechelewa.» Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za kupoteza kazi. Chatiboti ilihitaji sababu, haikupewa, ikaweka ile inayoonekana mara nyingi katika barua za namna hiyo. Kama barua ingefika shuleni hivyo, na prefe akamjua baba huyo, mama angeonekana mwongo mbele ya watu ambao mwanawe huwaona kila siku.

Tulikaa tukaanza upya, safari hii kwa kuandika hivi: «Andika barua ya Kifaransa cha heshima, isiyozidi nusu ukurasa, kwa prefe wa shule ya sekondari. Anayeandika ni mama wa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa humanite, yaani madarasa ya juu ya sekondari. Anadaiwa faranga 180,000 za muhula wa pili. Anaomba kulipa mara tatu: faranga 60,000 mwishoni mwa Januari, 60,000 mwishoni mwa Februari na 60,000 mwishoni mwa Machi. Sababu ni kwamba mshahara wa baba umechelewa miezi miwili. Usiongeze sababu nyingine yoyote. Kama kuna jambo la lazima ambalo sikulisema, niulize kwanza kabla ya kuandika.» Chatiboti ikauliza maswali mawili: jina la mwanafunzi, na kama ada ya muhula wa kwanza ilikuwa imelipwa. Jina hatukuliandika kwenye simu. Tuliiambia iache nafasi, tukalijaza wenyewe wakati wa kuchapa. Kuhusu muhula wa kwanza, mama alijibu kwamba ulilipwa wote, tena kabla ya siku ya mwisho. Hakuwa amefikiri kulitaja jambo hilo, nalo lilikuwa na nguvu kuliko yote. Liliwekwa katika sentensi ya pili ya barua, mahali ambapo prefe atalikuta mapema.

Kama msomaji atachukua kitu kimoja tu katika maelezo haya, naomba kiwe sentensi ile ya mwisho ya ombi letu, ile inayoitaka chatiboti iulize kwanza. Huandikwa kwa nusu dakika, na huzuia sehemu kubwa ya makosa ninayoyaona mezani kwangu. Sehemu nyingine za ombi zuri pia ni rahisi kukumbuka, kwa kuwa ndizo ambazo mwandishi wa barua angekuuliza ukiwa umekaa mbele yake: nani anaandika, kwa nani, anataka nini, kwa sababu gani, kwa lugha ipi, kwa urefu gani.

Ili kuelewa kwa nini mashine hii hujaza pengo badala ya kunyamaza, inafaa kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alieleza programu yake iliyoitwa ELIZA, iliyojibu watu kwa kufuata kanuni chache zilizoandikwa kwa mkono: ilitafuta neno fulani katika sentensi yako, ikakurudishia sentensi hiyohiyo kwa umbo la swali. Chatiboti za leo zimejengwa kwa njia nyingine. Msingi wake ni modeli ya lugha, na muundo unaotumiwa na modeli nyingi, unaoitwa transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Modeli hupewa maandishi mengi mno, vitabu na kurasa za intaneti, na kazi inayofundishwa ni moja: kukisia kipande cha neno kinachofuata. Kila inapokosea, namba zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo. Modeli ya GPT-3 iliyotolewa mwaka 2020 ilikuwa na namba za aina hiyo bilioni 175. Baada ya hapo watu huisahihisha kwa kulinganisha majibu yake na kuonyesha lipi linafaa zaidi, ili ijibu kama msaidizi na isiendeleze tu maandishi. Hivyo ndivyo ilivyotayarishwa ChatGPT, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na baadaye zikafuata nyingine kama Gemini ya Google na Claude ya Anthropic.

Chukua sentensi «Mama anapika bukari na...», bukari ukiwa ni ugali wetu. Msomaji wa Lubumbashi huimaliza mara moja kwa sombe, lengalenga au samaki, kwa sababu ameisikia tangu utotoni. Modeli hufanya jambo linalofanana na hilo kwa hesabu: kila neno linaloweza kufuata hupewa uzito, moja likachaguliwa, kisha hesabu inaanza tena kwa neno linalofuata, mpaka jibu liishe. Hakuna hatua ambapo inasimama kufungua daftari la mambo ya kweli. Baadhi ya chatiboti huweza kutafuta kwenye intaneti na kukuonyesha kurasa ilizosoma, na hilo ni msaada mkubwa, lakini hata hapo sentensi unayoipata imetungwa kwa njia ileile. Ndiyo maana jibu la kweli na jibu la kubuni huja kwa sauti moja, kwa utulivu uleule na kwa sarufi ileile nzuri, na msomaji hawezi kuyatenganisha kwa kuangalia uzuri wa maneno.

Njia hiyohiyo inaeleza pia mashaka tunayoyapata na Kiswahili chetu. Maandishi yaliyofundishia modeli hizi ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, Kifaransa kinafuata kwa mbali, na Kiswahili kilichomo zaidi ni kile cha vitabu na magazeti ya nchi za Tanzania na Kenya. Kiswahili tunachokisema sokoni hapa hakikuandikwa sana, kwa hiyo hakikusomwa sana. Kijana mmoja anayeuza makala, ndivyo tunavyouita mkaa hapa, aliiomba chatiboti imtungie tangazo la kuuza makala kwa mifuko. Ilimwandikia tangazo la mtu anayeuza maandishi ya magazeti, yenye utafiti wa kina na lugha fasaha, kwa sababu katika Kiswahili ilichokijua neno hilo lina maana hiyo tu, na kile tunachopikia hapa huitwa makaa. Tulipoandika «makala, yaani mkaa wa miti wa kupikia», kazi ilikwenda vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo neno la kwetu usiliache. Liandike, kisha lieleze kwa maneno machache. Na kama barua itakuwa ya Kifaransa, unaweza kueleza shida yako kwa Kiswahili kirefu upendavyo, ukaomba matokeo kwa Kifaransa, kisha ukaomba kila aya irudishwe kwa Kiswahili chepesi ili ujue unatia sahihi chini ya nini. Hatua hii ya mwisho ninaisisitiza kwa kila mzazi asiyesoma Kifaransa vizuri, kwa maana barua iliyotiwa sahihi ni ya aliyetia sahihi.

Mambo ya sheria yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha hati yenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi zenye majina na namba ambazo hazikuwahi kuwapo. Kama wanasheria waliweza kunaswa hivyo, sisi tusio wanasheria tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Mlinzi mmoja wa usiku alinijia akiwa ameachishwa kazi bila preavi, yaani bila kujulishwa mapema kama inavyopasa. Chatiboti ilikuwa imempa namba ya kifungu cha sheria ya kazi, naye alitaka niiweke kwenye barua ya kumdai mwajiri. Tulifungua sheria yenyewe, Sheria Na. 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, tukakuta kifungu hicho kinazungumzia jambo lingine kabisa. Tukageuza kazi: tulitafuta sura inayohusu kuvunjika kwa mkataba, tukainakili na kuibandika ndani ya mazungumzo, tukaandika, «Ukitumia maandishi haya peke yake, nieleze kwa Kiswahili chepesi preavi inahesabiwaje, na unionyeshe sentensi uliyoitegemea.» Maelezo tuliyopata yaliweza kukaguliwa mstari kwa mstari, na mlinzi alikwenda nayo kwa mkaguzi wa kazi akijua la kuuliza. Isitoshe, sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016, na chatiboti huweza kuchanganya maandishi ya zamani na mapya bila kukuambia, kwa hiyo mtu abandike maandishi yenye marekebisho.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa Mtihani wa Taifa, ule wa kumaliza sekondari, ushauri wangu ni mfupi. Anayeiomba chatiboti imwandikie insha ya Kifaransa amejinyima mazoezi ambayo atayahitaji siku ya mtihani, ambapo simu haitakuwapo. Aandike mwenyewe kwanza, kisha aombe hivi: «Usiniandikie upya. Nionyeshe makosa matatu makubwa, unieleze kanuni ya kila moja, kisha unipe sentensi tano za kujizoeza, moja moja, ukisubiri jibu langu.» Katika hesabu na kemia aombe hatua zote, na jibu la mwisho alihakikishe kwa kikokotoo, kwa sababu mashine iliyofundishwa kukisia maneno huweza kukosea kuzidisha namba kubwa ilhali inaeleza njia kwa usahihi.

Katika afya, itumie kuelewa maneno na kupanga maswali, wala usiiachie kamwe uamuzi wa dawa au kipimo chake. Karatasi ya maabara iliyoandikwa «goutte épaisse» huwatia wengi hofu bure. Chatiboti itakueleza vizuri kwamba ni tone zito la damu lililoangaliwa kwa hadubini ili kutafuta vijidudu vya malaria. Mtoto akiwa na homa kali, hata hivyo, njia ni moja, nayo ni ya kwenda kituo cha afya.

Kuhusu siri za mtu, hesabu kwamba unachokiandika kinatoka katika simu yako, kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, na huweza kutumiwa kuifundisha modeli, isipokuwa umefunga ruhusa hiyo katika mipangilio pale inapowezekana. Namba ya kadi ya mpiga kura, namba ya siri ya pesa za simu na jina la mgonjwa havina kazi yoyote ndani ya ombi la barua. Andika «mteja» au «mama wa mwanafunzi», kama tulivyofanya, kisha ujaze kwa kalamu. Mega za intaneti hazitakusumbua sana, maana maandishi hula kidogo. Picha na sauti ndizo zinazozimaliza. Kwa vile umeme hukatika na mtandao hupotea, tunga ombi lako refu katika daftari la simu, ulinakili likiwa tayari.

Barua ikikamilika, usiichape bado. Weka karatasi zako za asili kando ya simu, yaani risiti, kalenda na kitambulisho, na upite kwa kidole juu ya kila jina, kila tarehe na kila kiasi cha fedha, ukilinganisha. Yule mama wa Katuba tulimfanyia hivyo hivyo, na tulikuta Februari imepewa tarehe 30. Tulisahihisha, nikachapa nakala mbili, moja ya prefe na moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, akatia sahihi zote mbili hapohapo mezani.