Unanunua gari la dizeli la otomatiki Uingereza? Likute limepoa, liendeshe mpaka lipate moto

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa nyie mnaozunguka nyumba hadi nyumba kuhudumia wazee, kabla hujamtumia mtu hata pauni moja kwa gari la dizeli la otomatiki, shika hili: likute injini imepoa, na usimrudishie mwenyewe ufunguo mpaka umeliendesha likapata moto sawasawa. Mengine yote ni ya pili.

Nayaandika nikiwa nimetoka kumlipa fundi hela ambayo ingeninunulia gari dogo la petroli. Gari lilikuwa nje ya nyumba ya mtu, karibu na Coventry. Muuzaji mpole, kikombe cha chai mkononi, akasema ni gari la mke wake. Nafika, injini inanguruma tayari. Eti amelipasha kidogo kwa sababu ya baridi. Tukazunguka mitaa ya jirani, gia zinaingia bila kusikika, dashibodi haina taa hata moja. Wiki haijaisha, taa ya injini ikawaka, ikafuata ya DPF (chujio la masizi), nguvu ikakatika nikiwa barabara kuu na malori yananipigia honi nyuma. Giaboksi nayo ikawa inatetema kila ninapoondoka kwenye taa za barabarani.

Fundi alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akanionyesha mstari mmoja kwenye skrini: umbali ambao gari limetembea tangu kumbukumbu za hitilafu zifutwe. Umbali huo ulizidi kidogo tu ule niliokuwa nimeuendesha mwenyewe. Yule bwana alizifuta siku ileile niliyokwenda kuliona, pengine asubuhi. Taa hazikuwaka kwa sababu kompyuta ya gari ilikuwa haijapata muda wa kugundua upya inaumwa nini.

Huo ndio mtego wenyewe. Kifaa cha kusoma hitilafu kinauzwa bei ya chakula cha watu wawili mgahawani, unakiunganisha na simu. Nunua. Usikitumie kutafuta hitilafu peke yake, maana zimeshafutwa. Tafuta huo umbali, na tafuta ukurasa unaoonyesha kama mifumo ya gari imeshajipima. Ukikuta mingi inasema bado, na umbali ni maili chache, uliza kwa nini. Akisema betri ilibadilishwa jana, basi mwambie utarudi wiki ijayo gari likiwa limetembea. Na nasema tena: ukifika ukakuta boneti ina moto, ondoka au subiri lipoe. Weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kwisha.

Sasa hii DPF. Ni chujio kwenye ekzosi linalonasa masizi. Likijaa, kompyuta inaongeza dizeli ili joto la ekzosi lipande mpaka karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo wa kasi usiokatika kwa robo saa hivi. Fikiria sasa mhudumu wa wazee: maili mbili kwa mama mmoja, maili moja kwa mzee mwingine, anazima, anawasha, siku nzima. Chujio linaanza kujisafisha, linakatishwa. Dizeli ya ziada isiyoungua inashuka kwenye oili ya injini. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili: ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, gari hilo lina historia ya safari fupi, hata kama muuzaji anakwambia lilikuwa la kwenda Scotland kila mwisho wa wiki.

Halafu vaa glavu, ingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi likiwa limepoa. Gari lenye DPF nzima, bomba lake halichafui sana. Ukitoka na masizi meusi mazito, chujio limepasuka au limetobolewa tumbo likaachwa ganda. Na msitegemee cheti cha MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, kwa hili. Tangu Februari 2014 mkaguzi anatakiwa kuangalia kama DPF ipo, lakini anaangalia kwa macho. Ganda tupu linaweza kupita. DPF mpya inavuka pauni elfu moja kirahisi, na kuendesha gari lililoondolewa DPF ni kosa kisheria, kosa ambalo sasa ni lako wewe na si lake.

Kwa mtu wa safari fupi, ushauri wangu ni mfupi: usinunue dizeli kabisa. Nunua petroli.

Giaboksi. Wengi wetu tunatafuta otomatiki kwa sababu leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inatumika hapa miezi 12 tu, kisha unafanya mtihani upya, na aliyefaulu kwa otomatiki haruhusiwi gia za mkono. Wauzaji wanajua hatuna uchaguzi mpana. Kwanza jua ni otomatiki ya aina gani, maana zile za klachi mbili na zile za kawaida zinaumwa magonjwa tofauti. Omba risiti ya kubadilisha oili ya giaboksi. Utaambiwa ni oili ya maisha, haibadilishwi. ZF, watengenezaji wakubwa wa giaboksi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Asiye na risiti hakuibadilisha.

Liwashe likiwa baridi, weka R, kisha D, sikiliza kama linapiga teke. Toka nalo barabara kuu, endesha angalau dakika 40, kisha rudi mjini kwenye foleni. Hapo kwenye foleni, oili ikiwa ya moto, ndipo giaboksi mbovu inapojitambulisha: inatetema ukiondoka taratibu, inasitasita kati ya gia ya kwanza na ya pili, inakawia mlimani. Dakika kumi za mtaani hazionyeshi kitu. Muuzaji akikwambia hana muda wa dakika 40, na wewe huna hela ya kumpa.

Moshi, turbo, sindano za dizeli (injekta), mkanda wa injini: mpeleke fundi wa kujitegemea, atakagua kwa saa moja. Historia ya MOT iko bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari. Soma maili za kila mwaka na maonyo madogo, si matokeo tu.

Kuna jambo linalowachanganya sana watu wetu. Nyumbani kadi ya gari, au logbook kwa ndugu zetu wa Kenya, ndiyo umiliki. Hapa ile hati ya usajili, V5C, imeandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki; inaonyesha nani amesajiliwa kulitunza. Gari linaweza kuwa na V5C safi na bado linadaiwa mkopo, na kwa aina fulani za mikopo mdai analichukua mlangoni kwako. Lipia ukaguzi wa madeni. Ni pauni chache.

Na ujue unanunua kwa nani. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai hela yako yote. Ukinunua kwa mtu binafsi, anatakiwa hasa asikudanganye katika maelezo yake. Ubovu ni wako. Ndiyo maana madalali wanajifanya watu binafsi, na gari ni la mke siku zote. Piga simu useme, "Naulizia lile gari." Akijibu, "Lipi?", umeshajua. Yule wangu nilipompigia alisema kwa upole uleule kwamba niliona, niliendesha, nikaridhika. Nimeishi hapa miaka ya kutosha kusema hivi: Waingereza wana adabu nzuri ya maneno, na naipenda, lakini sisi tuliolelewa kwamba mtu anayekukaribisha chai hawezi kukuumiza tunaipa uzito isiostahili. Kwao upole na biashara ni vitu viwili mbali mbali. Uliza maswali yako yote, hawakasiriki.

Wajomba zetu nyumbani nao wapunguze ushauri. Mjomba wangu wa Tanga alisisitiza dizeli kwa sababu kwake dizeli ni nguvu na ulaji mdogo, na baadaye nilipakie meli. Mjomba, shikamoo, lakini DPF inataka dizeli yenye salfa kidogo sana: ya hapa haizidi sehemu 10 kwa milioni, kiwango cha Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 kilikuwa 50. Na walio Mombasa wanaotuagiza wanajua kabisa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Gari tunaloweza kulimudu hapa mara nyingi limeshapita hapo.

Tena lile la bei ya kutupa mara nyingi ni la kabla ya Septemba 2015, kabla Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, hakijawa lazima kwa kila gari jipya. Litakutoza pauni 12.50 kila siku unayoliendesha London, ambako tangu Agosti 2023 eneo la ULEZ, linalotoza magari yenye moshi mchafu, limefunika mitaa yote ya jiji, na pauni 8 katikati ya Birmingham. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti rasmi za maeneo hayo kabla hujapanda treni kwenda kuliona.

Siku ya kulichukua, kodi ya mwenye gari wa zamani haihamii kwako, wala bima yake. Lipa kodi na ukate bima kwa simu ukiwa palepale, kabla ya kugusa usukani. Kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6, na aliyefaulu mtihani hapa chini ya miaka miwili iliyopita, pointi 6 zinamnyang'anya leseni nzima, aanze upya na kibao cha L.