Kabla ya kufunga injini ya pikipiki, kagua kesi

Bodaboda ikianza kutoa moshi na kunguruma, mwenye chombo hukimbilia pistoni, ringi na beringi mpya. Kesi, yaani ganda la alumini la nusu mbili linaloshika kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na gia, huoshwa kwa petroli na kurudishwa vilevile, kisha mwezi haujaisha, mngurumo umerudi palepale. Kwa pikipiki zinazopanda Kibosho na Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, na mzigo mgongoni, kwenye vumbi la udongo wa volkano, kesi ndiyo ya kuangaliwa kabla hujatoa hela ya spea.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi, halafu sabuni na maji ya moto. Gasketi kuukuu usiikwangue kwa bisibisi: alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha oili. Pitisha upepo wa kompresa kwenye kila njia ya oili mpaka usikie unatoka upande wa pili. Silikoni inayopakwa kama siagi kwenye mkate ndiyo huziba hapo.

Nyufa zitafute nyuma ya sproketi ndogo, maana cheni ikikatika hujikunja hapo na kupiga kesi. Angalia pia mashikio ya bolti za fremu na tundu la kumwagia oili. Ukiwa na shaka, paka chaki nje, mimina mafuta ya taa ndani, subiri nusu saa. Penye ufa, chaki italowa mstari.

Sasa matundu ya beringi, na hapa usiwe na haraka. Beringi namba 6304 ina kipenyo cha nje cha milimita 52, na kesi ikiwa ya baridi haitakiwi kuingia kwa kusukumwa na kidole. Ikidondoka yenyewe, au ukuta wa tundu ukiwa unang'aa, ujue ringi yake ya nje imekuwa ikizunguka na kulila tundu. Mafundi wengi hupiga senta panchi (chuma chenye ncha kali cha kutia alama) kuzunguka tundu ili libane. Linabana kweli, ila kwa vinundu vichache tu. Vikishalala, beringi inalegea tena na kranki inakaa upande. Dawa ni tona, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, avishe bushi (ringi ya chuma ya kuziba ulegevu), kisha achonge nusu zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja, matundu yabaki kwenye mstari mmoja. Tundu lisilo na kasoro nalo halitaki nyundo: pasha kesi moto hadi tone la maji lichemke juu yake, beringi ikiwa imelala kwenye friza, itashuka yenyewe.

Uso wa gasketi ulaze juu ya kioo kinene. Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 ikipenya, uso umepinda. Pale silinda inapokaa unaweza kusugua kidogo kwa msasa namba 400 uliotandazwa kwenye kioo. Panapokutana nusu mbili usiguse, utapunguza nafasi ya kranki na gia.

Nyuzi za bolti za M6 (milimita 6) zilizoliwa zitobolewe kwa keekee ya milimita 6.3 na kuwekewa helikoili, yaani nyuzi mpya za waya uliosokotwa kama springi. Gundi ya chuma haidumu.

Ukilazimika kununua kesi ya mtumba, chukua jozi ya injini moja. Ukichanganya nusu za injini mbili, matundu huenda yasilingane na kranki ikagoma bolti zikikazwa. Tena namba ya injini imegongwa kwenye kesi: dai karatasi za muuzaji, kisha nenda TRA kadi irekebishwe.